Kioo kitupu, tabaka jembamba au mchanga wa kina: upi unafaa tangi lako la matumbawe?

Taa za tangi zikianza kufifia, samaki wangu mmoja wa njano, Halichoeres chrysus, huzungukazunguka kona ileile ya kushoto kama mtu aliyedondosha funguo. Halafu huinamisha kichwa, hujipinda ubavu, na kufumba na kufumbua hayupo. Kinabaki kishimo kidogo kinachojifukia chenyewe. Atalala humo mchangani usingizi wa pono mpaka taa ziwake asubuhi. Samaki huyohuyo ukimweka kwenye tangi lisilo na mchanga, usiku wa kwanza atajigongagonga kwenye kioo cha chini akitafuta pa kuzama.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue mchanga gani, namjibu kwa maswali mawili. La kwanza: nani atalala, atachimba au atakula humo? La pili: maji ya tangi lako yanakwenda kwa nguvu gani? Rangi, ukubwa wa chembe, mkavu au hai, yote hayo yanafuata majibu ya maswali haya. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaona picha ya tangi lenye mchanga mweupe kama unga, tunaununua, tunawasha pampu, halafu tunashinda miezi tukiufagia kutoka juu ya matumbawe.

Bila mchanga kabisa

Niliwahi kudhani kioo kitupu ni uvivu. Nilibadili mawazo nilipoanza kuangalia kwa karibu matangi ya watu wanaofuga Acropora na Montipora. Matumbawe haya yanataka maji yanayokwenda kwa kasi na kubadili mwelekeo kila mara, kiasi ambacho mchanga laini hauwezi kukaa mahali pake. Pasipo na mchanga unaelekeza pampu popote, hata chini kabisa, na uchafu haupati pa kujificha. Unasukumwa kona moja, unakaa hapo kama vumbi la nyuma ya mlango, nawe unaunyonya kwa mpira wa maji dakika tano ukibadilisha maji. Masalia ya chakula yanaonekana, mavi ya samaki yanaonekana, na ni rahisi zaidi kuzizuia nitrati na fosfati, mabaki ya uchafu yanayorutubisha mwani, zisipande.

Gharama yake ni kwamba umeondoa nyumba ya bakteria. Kila chembe ya mchanga ina uso unaobeba bakteria, na ukiutoa mchanga, mawe ndiyo yatakayobeba kazi yote ya kuvunja amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki. Tangi la kioo kitupu lenye mawe machache na samaki wengi linayumba kwa urahisi, hasa miezi ya kwanza. Na kuna suala la sura. Mwanzoni linafanana na karai lililowekwa mawe. Vuta subira: mwani wa chokaa wa rangi ya zambarau ukishatambaa chini, hutaiona tena ile hali ya utupu.

Wapo wanaolaza bamba jeupe la plastiki ngumu chini ya mawe, la aina ile ya vibao vya kukatia mboga. Linakinga kioo jiwe likianguka. Mimi naliona ni jambo la busara, hata kwa atakayeweka mchanga.

Tabaka jembamba, sentimita 3 hadi 5

Hili ndilo lililoko kwangu na ndilo ninalompendekezea mtu ambaye hana sababu maalumu ya kuchagua lingine. Katika unene huu maji yenye oksijeni yanafika karibu kila mahali, kwa hiyo hakuna kinachooza kimyakimya. Samaki wengi wanaolala mchangani wanatosheka, ingawa wale wakubwa wanataka angalau sentimita 5 kwenye kona yao. Konokono aina ya Nassarius wanajizika humo na kuchomoza mirija yao tu, na ukitia chakula wanafufuka wote kwa pamoja kama wafu wa kwenye filamu. Matumbawe yanayopenda kukaa chini, kama Trachyphyllia na Fungia, yanapata pa kulala pasipowachubua nyama.

Usilitarajie likuondolee nitrati nyingi. Watu huambiwa "mchanga utasafisha maji", wakaamini kwamba sentimita 4 zitafanya kazi ya sentimita 12. Zinasaidia kwenye amonia na nitriti, basi. Nitrati utaiondoa kwa njia nyingine: kubadilisha maji, kichuja povu (kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu), mwani unaokuzwa kwenye tangi la chini (lile la pili, lililo chini ya tangi kuu), na sehemu za ndani za mawe yenye vinyweleo.

Uzuri mkubwa wa tabaka jembamba ni kwamba linasameheka. Ukikosea unaweza kulisafisha, kuliongeza, hata kulitoa lote, bila kutia sumu kwenye maji. Mchanga wa kina hauna huruma hiyo.

Mchanga wa kina, sentimita 10 hadi 15

Hapa ndipo mada inaponoga, na ndipo watu wanapogombana.

Wazo lenyewe ni zuri. Oksijeni inaishia kwenye sentimita chache za juu kwa sababu viumbe wa huko wanaitumia yote kabla haijashuka. Chini ya hapo wanaishi bakteria wanaotumia nitrati badala ya oksijeni. Wanaivunja na kutoa gesi ya nitrojeni, ambayo hupanda kama viputo vidogo na kutokea juu. Ukiona viputo vimenasa kati ya mchanga na kioo cha mbele, usishtuke: mara nyingi ni kazi hiyo inafanyika mbele ya macho yako. Huko Monako, Jean Jaubert alijenga mfumo wake miaka ya 1980 kwa kuinua mchanga juu ya wavu na kuacha nafasi ya maji yaliyotulia chini yake. Baadaye, Marekani, mwanabiolojia Ron Shimek akautetea mchanga wa kina usio na nafasi hiyo, mchanga laini uliojaa minyoo na vidudu vidogo. Kwa miaka kadhaa ilionekana kana kwamba kila tangi la heshima lazima liwe nao.

Kilichowaponza wengi ni kusahau neno "uliojaa". Mchanga wa kina ni shamba. Una minyoo ya aina nyingi, vidudu jamii ya kamba wadogo kuliko punje ya mtama, konokono wachimbaji, wote wakipitisha mchanga matumboni na kufungua vijia vya maji. Wakipungua, juu panaganda, chini panaziba, na mchanga unageuka ghala la uchafu. Na wanapungua, kwa sababu tangi limefungwa na samaki wanawala. Mtu mwenye mchanga wa kina lazima awarudishe mara kwa mara, kwa kikombe cha mchanga kutoka kwenye tangi jingine lenye afya. Na asimlete kiti cha pweza (yule mnyama wa umbo la nyota) anayechimba mchanga. Anauzwa kama "msafishaji", kumbe anawala walewale wanaokufanyia kazi, akiwamaliza naye anakufa njaa.

Halafu kuna ile harufu ya mayai viza. Chini kabisa, nitrati ikiisha, wanaingia bakteria wanaotumia salfeti, nao hutoa hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu hiyo. Mabaka meusi unayoyaona kupitia kioo ni alama yake. Mabaka hayo yakikaa kimya hayadhuru: gesi ikipanda polepole inakutana na oksijeni na kuvunjwa kabla haijafika kwenye maji. Hatari inakuja mtu anapovukua. Jiwe likidondoka likazama sentimita 10, au mkono ukichimba kutafuta tumbawe lililopotea, ile sumu inatoka kwa mkupuo, na katika tangi dogo inaweza kuua samaki kabla hujamaliza kujiuliza harufu inatoka wapi.

Ningemshauri nani basi? Mwenye tangi kubwa na subira kubwa zaidi, asiye na mkono wa kuhangaikahangaika. Pia anayetaka viumbe ambao hawana mbadala: Opistognathus, yule samaki wa mdomo mpana anayejenga shimo lake kama mwashi, akipanga vipande vya kome na kokoto mlangoni, au wale mikunga wembamba wa Heteroconger wanaosimama mchangani wima kama nyasi. Hao ukiwapa sentimita 4 umewatesa.

Kama unachotaka ni kupunguza nitrati tu, kuna njia ya katikati ninayoipenda: ndoo. Unajaza ndoo mchanga laini, unaiunganisha na tangi la chini, maji yanapita juu ya mchanga kwa kasi ya kutosha uchafu usitue, na unaifunika isipate mwanga. Ikileta matata, unafunga valvu mbili na kuiondoa, huku tangi la juu halijui kilichotokea.

Kitu ambacho sikishauri kwa mtu yeyote ni sentimita 6 hadi 9 chini ya tangi zima, eti kupata faida za pande zote. Ni nene mno kuisafisha kwa mpira na nyembamba mno kufanya kazi ya mchanga wa kina. Anayehitaji kilindi kwa ajili ya samaki mmoja na ainyanyue kona moja tu.

Ukubwa wa chembe

Hapa naweka jedwali, kwa kuwa ndipo watu wanapochanganyikiwa wakiwa wameshika mfuko.

| Chembe | Inavyokuwa mkononi | Inakofaa | Inakosumbua |
|---|---|---|---|
| Chini ya milimita 1 | kama sukari | mchanga wa kina, samaki wachimbaji na wanaochuja mchanga kwa mashavu | maji ya kasi yanaupeperusha |
| Milimita 1 hadi 2 | kama mchele uliovunjika | tabaka jembamba, tangi lenye pampu za wastani hadi kali | wachimbaji wadogo wanautaka uchanganywe na laini |
| Milimita 3 na zaidi, vipande vya matumbawe yaliyopondwa | kama changarawe | kiasi kidogo cha kuchanganya, kwa wajenzi wa mashimo | chakula kinazama katikati na kuoza |

Mchanga wangu wa kwanza ulikuwa ule laini kabisa. Niliumimina, maji yakatakata siku ya pili, nikapiga picha, nikajiona nimefika. Siku ya tatu nikawasha pampu zote mbili za mkondo. Asubuhi yake robo ya sakafu ilikuwa kioo kitupu, upande wa kulia pamesimama tuta la kimo cha kiganja, na Trachyphyllia yangu imefukiwa nusu. Tumbawe hilo linaweza kujivimbisha na kujikung'uta mchanga kidogo, lakini si tuta. Nikashusha pampu, mchanga ukatulia, halafu matumbawe ya juu yakaanza kunyong'onyea kwa kukosa maji yanayosogea. Nililazimika kuchagua kati ya mchanga na matumbawe. Mwishowe niliutoa mchanga kidogokidogo na kuweka wa milimita 1 hadi 2, nikachanganya na laini kiasi cha moja kwa tano ili wachimbaji wasinune.

Vipande vikubwa vina kosa la kinyume. Havipeperuki, lakini kila punje ya chakula inapenya katikati yake na hakuna mkondo unaoifikia. Miezi sita baadaye unapima nitrati na unashangaa. Tena samaki kama Valenciennea puellaris, ambaye siku nzima anachota mchanga mdomoni na kuutoa kwenye mashavu, hawezi kuchuja kokoto. Anakonda huku unamtazama.

Umetengenezwa na nini

Mchanga wa matangi ya matumbawe mara nyingi ni aragonaiti, yaani chokaa ileile inayojengwa na matumbawe. Sehemu ya mchanga mweupe wa baharini imetoka kwenye mwani wa Halimeda unapokufa, sehemu kwenye magamba ya konokono, na sehemu si ndogo kwenye tumbo la pono. Huyo huyo wa usingizi. Anaguguna miamba ya matumbawe kwa mdomo wake mgumu, anakula mwani uliomo, chokaa anaisaga na kuitoa nyuma. Kwa hiyo unapolipia mfuko wa mchanga mweupe, kuna sehemu yake iliyowahi kupita mahali usipopenda kupafikiria.

Sifa inayotajwa sana ni kwamba aragonaiti "inashikilia pH na kuongeza kalsiamu". Ni kweli nusu. Inaanza kuyeyuka kwa kiasi cha maana pH (kipimo cha asidi ya maji) ikishuka karibu na 7.7 au 7.8, na maji ya tangi lenye afya yako juu ya hapo, kati ya 7.9 na 8.4. Inayeyuka kidogo ndani ya mchanga wenyewe, ambako bakteria wamefanya mazingira kuwa ya asidi. Msaada upo, ila matumbawe yanayokua yanatumia zaidi ya unachopewa na mchanga. Endelea kupima na kuongeza kalsiamu na alkali kama kawaida.

Mshindani wake ni mchanga wa silika. Una jina baya kuliko unavyostahili. Husemwa kwamba unalisha diatomu, ule utando wa kahawia unaotanda kwenye tangi jipya. Lakini kwatzi, madini ya mchanga huo, ni ngumu sana kuyeyuka katika maji ya bahari, na silika inayolisha diatomu kwa kawaida inatoka kwenye maji ya bomba yasiyochujwa vizuri. Nimeona utando huohuo kwenye matangi ya aragonaiti tupu. Sababu yangu ya kutoitumia silika ni nyingine: baadhi yake ina chembe zenye kingo kali zinazowachubua wanaojizika, na rangi yake ya kahawia hainivutii. Hiyo ya mwisho ni ladha tu, usiifuate.

Mchanga mweusi unapendeza sana matumbawe yakiwa na rangi za kung'aa. Kabla hujaununua, pitisha sumaku juu ya kiganja kimoja. Chembe zikirukia sumaku, zitarukia pia sumaku ya kusafishia kioo na kukuchora mistari isiyofutika, na zitaingia kwenye pampu.

Ukiwa na mchanga usiojua ni wa nini, dondoshea siki. Ukitoa mapovu, ni chokaa. Usipotoa, si chokaa. Na mchanga wa kuchota ufukweni uache huko: hujui umebeba mafuta gani, madini gani au mzoga gani, na sehemu nyingi sheria hairuhusu kuuchukua.

Mkavu au hai

Mchanga unaouzwa "hai" kwenye mfuko wenye maji una bakteria, na bakteria hao wanaweza kuharakisha mwanzo kwa siku kadhaa. Usitarajie minyoo wala vidudu: wangeishije kwenye mfuko uliofungwa dukani? Uhai halisi unaupata kwenye kikombe cha mchanga kutoka tangi la rafiki lililokaa mwaka au zaidi. Kikombe hicho kina thamani kuliko mfuko mzima, lakini kinaweza pia kukuletea wageni usiowataka, mfano ile Aiptasia inayochoma matumbawe na kuzaana kama magugu. Kikague kwenye sinia jeupe chini ya taa kabla hujakitia.

Mimi nanunua mkavu na kuupanda kwa kikombe kimoja. Mkavu ni rahisi kuosha, hauna haraka, na baada ya miezi mitatu huwezi kuutofautisha na ule mwingine. Uwe mkavu au hai, usiingize samaki mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Mara nyingi ni wiki nne hadi sita.

Kiasi gani

Zidisha urefu wa tangi kwa upana wake kwa kina cha mchanga, vyote kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Hizo ni lita za mchanga. Zidisha lita kwa 1.5 upate takriban kilo za aragonaiti kavu. Tangi la sentimita 100 kwa 50 lenye mchanga wa sentimita 4 linataka lita 20, yaani kilo 30 hivi. Tangi hilohilo kwa sentimita 12 linataka kilo 90, na uzito huo unaingia kwenye kabati linalobeba tangi. Ukiondoa eneo linalokaliwa na mawe utapata pungufu kidogo; nunua pungufu, kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza.

Kuuweka

Mawe kwanza, mchanga baadaye. Nalisema kwa sauti kwa sababu nililifanya kinyume. Niliweka mchanga, nikapanga mawe juu yake kwa ustadi, nikamwachia Valenciennea. Ndani ya siku tisa alikuwa amechimba handaki chini ya jiwe kubwa. Usiku nikasikia kishindo kizito, kama mlango wa kabati. Jiwe lilikuwa limeegemea kioo cha mbele, limebaki upana wa kidole na mshono wa silikoni. Jiwe lililokaa juu ya kioo, au juu ya bamba la plastiki, halina kitu cha kuchimbwa chini yake.

Mchanga mkavu uoshe kwenye ndoo, kilo nne au tano kwa mara moja. Fungulia maji, tia mkono mpaka chini, koroga, mwaga maji meupe kama maziwa, rudia. Mara ya saba au ya nane bado yatakuwa na ukungu. Endelea mpaka uone mkono wako ndani ya ndoo. Suuza ya mwisho ifanye kwa maji yaliyochujwa. Mchanga hai wa mfukoni usiuoshe kwa maji ya bomba, utaua ulichokilipia.

Tangi likiwa kavu, mwaga mchanga kuzunguka mawe, usawazishe kwa kipande cha plastiki, weka sahani juu yake na umimine maji ya chumvi polepole juu ya sahani. Tangi likiwa tayari na maji, tumia bomba la plastiki la upana wa sentimita 5: mdomo mmoja uguse chini, mwingine utokeze juu ya maji, mchanga uliolowa unateremka ndani yake na kutua bila kuchafua. Zima pampu zote kabla ya kuanza, uache saa chache kabla ya kuwasha moja. Ukungu wa siku moja au mbili ni wa kawaida. Ukiendelea, funga pamba ya chujio kwenye pampu ndogo na uibadilishe ikijaa. Pampu za mkondo zielekeze juu kidogo au zikutane katikati ya tangi, na ongeza nguvu kwa siku kadhaa, ukitazama kama chembe zinaanza kutambaa.

Kama unaongeza mchanga kwenye tangi lenye samaki, weka theluthi moja, pumzika wiki, weka nyingine. Usiifunike sakafu yote kwa siku moja. Wale walioko chini nao wanapumua.

Wiki ya pili hadi ya nne mchanga mpya utageuka kahawia. Diatomu. Wataondoka wenyewe. Nimeshuhudia watu wakiung'oa mchanga wote katika wiki hiyo, kisha wakianza upya na kukutana na kahawia ileile.

Kuishi nao

Tabaka jembamba nalinyonya kila ninapobadilisha maji, robo moja ya sakafu kwa zamu, kwa mpira wa milimita 12 uliotiwa koo pana mbele. Mchanga unapanda kwenye koo, unazunguka, uchafu unakwenda, mchanga unarudi chini. Mchanga wa kina unapitishiwa mkono juu tu, nusu sentimita, na usichokonolewe zaidi.

Siku ya kuhamisha tangi ndiyo mtihani. Mchanga wa zamani usiuchote na kuumwaga kwenye maji mapya pamoja na samaki. Umekaa na uchafu na sumu ya miaka, na chokaa yake imefyonza fosfati ambayo itaanza kuachiliwa. Hifadhi kikombe kimoja cha juu kwa ajili ya mbegu, uliobaki uoshe mpaka uwe kama mpya au ununue mwingine. Na ukibadili mawazo bila kuhama, utoe kwa mpira sehemu ndogo ya sakafu kila wiki. Mimi ilinichukua wiki sita.

Rafiki yangu mwenye tangi la kioo kitupu, Acropora kutoka ukuta hadi ukuta, alimtaka samaki wa njano kama wangu. Hakuwa tayari kuweka mchanga hata kidogo. Tukachukua bakuli la kioo la kuokea, tukalijaza mchanga laini wa sentimita 6, tukalitafutia nafasi nyuma ya mawe ambako mkondo ni mdogo. Usiku wa kwanza samaki alijigonga chini mara tatu, akaishia kujibanza pembeni mwa jiwe. Usiku wa pili, taa zikififia, alilizunguka bakuli, akarudi, akalizunguka tena. Kisha akainamisha kichwa.